Chumvi na kafuri: beti za Vemana zinaingia darasani kwetu?

"Nafundisha Kiswahili sekondari. Zamani kidogo nilisoma Hyderabad, India, kwa miaka mitatu, nikiwa mpangaji kwa mama mmoja ambaye siku haikuisha bila kumtaja mshairi aitwaye Vemana. Ukichelewesha kodi, Vemana. Ukiunguza wali, Vemana. Sasa nataka kuzitumia beti hizo kwenye kipindi cha ushairi. Nimepata tafsiri za Kiingereza kwenye intaneti, nikazigeuza Kiswahili, lakini zimetoka kavu, kama maneno ya kwenye kalenda ya ukutani. Mwenzangu wa idara anasema hizo ni methali za Kihindi tu, tena za dini yao, na wazazi watanijia juu. Na kweli nimekuta ubeti mmoja wa Vemana unaosema mke awe mtumwa akiwa kazini, sikuupenda. Je, zina thamani kwa mwanafunzi wa hapa? Nitafsirije? Na huyu Vemana alikuwepo kweli? La mwisho ni langu binafsi. Siku ninaondoka yule mama aliniambia ubeti pale mlangoni. Nakumbuka maneno mawili tu, 'konda' na 'addamu'. Sikuwahi kujua maana yake."

Mwalimu, barua yako ina maswali kadhaa, lakini nikiyaangalia vizuri naona yale ya mwanzo yana mzizi mmoja. Maneno yale yalikuwa hai kinywani mwa mama mwenye nyumba, yakafa yalipofika kwenye karatasi yako. Unajiuliza kama kasoro ni ya maneno au ya karatasi. Nakuambia mapema kwamba ni ya karatasi, na nitajaribu kukuonyesha ni wapi hasa. Lile la mlangoni nitaliacha mpaka mwisho, si kwa kukuchelewesha, ila kwa sababu ukilisoma kwanza hutaona uzito wake.

Tuanze na mwenzako wa idara, maana kosa lake ni jepesi kurekebisha. Hizo si methali, wala lugha yake si Kihindi. Ni Kitelugu, lugha ya majimbo mawili ya kusini mwa India, Andhra Pradesh na Telangana, ambayo hadi 2014 yalikuwa jimbo moja. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wasemaji wa Kitelugu zaidi ya milioni 80. Kitelugu na Kihindi si ndugu wa damu. Kihindi ni cha ukoo mmoja na Kiajemi na Kiingereza, Kitelugu ni cha ukoo wa Kidravidi pamoja na Kitamili na Kikannada. Kimeazima mno kutoka Kisanskriti, kama sisi tulivyoazima kutoka Kiarabu, lakini mifupa ni yake. Wewe unayesikia watu wakisema Kiswahili ni Kiarabu kilichochuja unajua jinsi jambo hilo linavyoudhi. Basi usimfanyie hivyo Mtelugu.

Rekebisho la pili ni lako, usinichukie. Ubeti wa mke na mtumwa si wa Vemana. Unatoka kwenye mkusanyo mwingine uitwao Sumati Shatakamu, unaonasibishwa na Baddena, mtawala mdogo wa karne ya 13. Kwenye intaneti beti za hawa wawili zimechanganywa kama mchele na chuya, na hata Watelugu wenyewe huzikosea. Lakini kuwatofautisha ni rahisi sana, maana kila ubeti umevaa jina lake mkiani.

Hapo ndipo pa kuielewa fani yenyewe. "Shata" ni mia. Shatakamu ni fungu la beti mia moja au zaidi kidogo, mara nyingi 108, na kila ubeti unasimama peke yake. Unaweza kuuchomoa mmoja ukaenda nao sokoni, hakuna kilichovunjika. Kinachoziunganisha ni mwito wa mwisho unaorudiwa ubeti hadi ubeti. Watelugu wanauita makutamu, yaani taji. Wa Baddena ni neno moja tu, "Sumati", ewe mwenye akili njema. Wa Vemana ni mstari mzima: "Viswadabhirama vinura Vema", ambao baadhi huufasiri "Sikia, ewe Vema, mpendwa wa ulimwengu". Sisi tungesema kibwagizo. Zipo shatakamu za kumlilia Mungu, kama zile za Dhurjati wa karne ya 16, na zipo za mapenzi, ila zilizoingia kila nyumba ni hizi za nasaha.

Sasa shika kalamu. Nitakuandikia ubeti mmoja wa Vemana kwa herufi zetu, na usiogope, maneno ya Kitelugu mengi huishia kwa irabu kama yetu, kwa hiyo mdomo wako utayaweza:

Uppu kappurambu nokka polika nundu,
chuda chuda ruchula jada veru,
purushulandu punya purushulu veraya,
viswadabhirama vinura Vema.

Neno kwa neno: chumvi na kafuri hufanana kwa sura. Tazama, tazama, njia ya ladha zake ni mbali mbali. Miongoni mwa watu, watu wema ni wengine kabisa. Sikia, Vema.

Angalia kazi ilivyogawanywa. Mistari miwili ya kwanza haikufundishi kitu. Inakuingiza jikoni, inakuwekea punje mbili nyeupe kiganjani, inakuambia onja. Mstari wa tatu ndio unaosema jambo, na unalisema mara moja bila kulieleza. Wa nne haukuongezei hoja hata moja, ni jina na mwito tu. Maana yake mshairi ana mistari mitatu tu ya kufanyia kazi, na mara nyingi miwili kati ya hiyo anaitumia kwa vitu vya nyumbani: chungu, maziwa, kioo, mwiba mguuni, kokoto kiatuni. Huna nafasi ya kuhubiri kwenye nyumba ndogo namna hiyo.

Tafsiri ya Kiingereza uliyoikuta, naamini ilianza na fundisho: watu wanaweza kufanana kwa nje lakini wema hutofautiana, kama vile chumvi na kafuri. Fundisho limetangulia, picha imefuata kama pambo. Ukishasikia fundisho, ya nini tena kuonja? Hicho ndicho kilichokaushia beti zako. Rudisha mpangilio wa mwenyewe, chumvi kwanza, mtu baadaye.

Kuna jambo la pili lililopotea njiani, na hili Kiswahili kinaliweza kuliko Kiingereza. "Chuda chuda" ni neno lililorudiwa, "tazama tazama". Ubeti mwingine maarufu wa Vemana umejengwa wote kwa kurudia hivyo. Anasema "anaganaga" wimbo hunoga, "tinaga tinaga" mwarobaini huwa mtamu, kwa mazoezi kazi za dunia hii hutimia. Kiingereza lazima kieleze kwa maneno marefu kwamba jambo limefanywa tena na tena. Sisi tunasema ukiimba-imba, ukila-kula, kwisha. Kisha mwarobaini wenyewe tunao uani. Mtoto wa Morogoro au wa Malindi aliyenyweshwa maji ya mwarobaini kwa ajili ya homa hahitaji tanbihi. Kwa Watelugu uchungu huo una siku yake maalumu. Mwaka mpya wao, Ugadi, unaoangukia Machi au Aprili, huanza kwa kula mchanganyiko wa maua ya mwarobaini, sukari guru, ukwaju, embe bichi, chumvi na pilipili, ladha sita kwa pamoja, ili mwaka usikukute hujajiandaa.

Kafuri, kwa upande mwingine, itakuletea shida, na afadhali uijue mapema. Kwao ni harufu ya ibada, huwashwa mbele ya sanamu, na ipo aina inayotiwa kidogo kwenye vyakula vitamu. Kwetu jina lake jingine ni karafuu maiti. Mwanafunzi wa pwani akisikia kafuri ananusa sanda, na ubeti wa Vemana unageuka kuwa wa msiba bila mwenyewe kukusudia. Ufanyeje? Unaweza kuiacha na kuieleza, au kubadili kitu. Mimi ningeiacha. Darasa likibishana dakika kumi kwa nini harufu moja ni ya sherehe kwa huyu na ya maziko kwa yule, umeshafundisha tafsiri kuliko kitabu chochote cha nadharia.

Kuhusu methali, najua kishawishi kilipo. Vemana anasema mtu mdogo hunena kwa makeke, mwema hunena kwa utulivu. Shaba nyeusi hulia, je, dhahabu hulia namna hiyo? Mkono wako tayari unaandika "debe tupu haliachi kuvuma". Uzuie kidogo. Methali yetu inamsema debe tu, inamcheka na kupita. Vemana ameweka vyuma viwili pembeni, akagonga kimoja, kisha akakuachia swali juu ya cha pili ambacho hakukigonga. Kimya cha dhahabu ndicho anachotaka ukisikilize. Kwa hiyo methali ya Kiswahili ni nzuri kama mlango wa kuingilia, si badala ya ubeti. Waulize wanafunzi wenyewe methali gani inakaribia, halafu waulize imepungukiwa na nini. Maana kuna ubeti mwingine wa mtunzi huyo, wa ng'ombe mwema ambaye upawa mmoja wa maziwa yake watosha, ilhali maziwa ya punda hata mtungi mzima wa nini, na kwa huo sijapata methali yetu inayoukaa sawa.

Njia ya tatu ni kuutia ubeti kwenye vina na mizani vyetu. Wewe ni mwalimu wa ushairi, itakuvutia. Lakini jua unachokiacha. Sisi tunahesabu mizani na kila silabi ina uzito uleule. Wao wanapima. Silabi fupi ni "laghu", nyepesi, na ndefu ni "guru", nzito, na nzito moja ni sawa na nyepesi mbili. Bahari anayoipenda Vemana inaitwa ataveladi, maana yake mwanamke mcheza ngoma. Kila mstari una vipande vitano. Mstari wa kwanza na wa tatu una vipande vitatu vya pigo tatu tatu, kisha viwili virefu zaidi. Wa pili na wa nne ni vipande vya pigo tatu tupu. Kwa hiyo mstari unajinyoosha, unarudi, unajinyoosha, unarudi. Tena sauti inayofungua kipande cha kwanza sharti iitikiwe na ile inayofungua cha nne. Jaribu kwenye taji lenyewe: viswa, dabhi, rama, vinura, vema. Cha kwanza kimeanza na "vi", cha nne kimeanza na "vi". Hakuna kilichokaa pale kwa bahati.

Baddena naye anatumia bahari nyingine, kandamu, na humo kuna jambo ambalo kila ninapolionyesha kwa mshairi wa Kiswahili anacheka kwa mshangao. Sikiliza mianzo ya mistari minne ya ubeti mmoja wake: "akkaraku", "mrokkina", "nekkina", "grakkuna". Kina kipo, tena kimebanwa, "kk" ya mkazo mahali pa pili katika kila mstari. Ila hakikukaa mwishoni wala katikati. Kwetu kina kinafungia mlango wa uani, kwao kinakupokea mlangoni. Ubeti huo unasema jamaa asiyekuja wakati wa shida, mungu asiyekupa ulichoomba hata ukimsujudia, farasi asiyekimbia ukimpanda vitani, hao waache mara moja, ewe Sumati.

Nilijaribu kuugeuza ubeti wa chumvi kwa nane nane zetu. Nakupa uone ushindi na kushindwa pamoja:

Chumvi, kafuri, sawa, weupe wa kufanana,
Ulimi ndio wagawa, ladha hazikulingana,
Watu ndivyo tulivyowa, mwema kwa sura hapana,
Sikia, Vema, sikia, mpendwa wa ulimwengu.

Mstari wa pili naupenda, hata nadhani umeongeza kidogo. Wa tatu nimeulazimisha. "Tulivyowa" imekuja kwa sababu ya kina, na mwanafunzi mkali atanikamata. Mwache anikamate, mpe kalamu na yeye.

Sasa huyu Vemana. Alikuwepo? Jibu la uaminifu ni kwamba mtu fulani alikuwepo, ila tumebaki na sauti yake kuliko maisha yake. Wataalamu wamemweka kokote kati ya karne ya 15 na ya 18, wengi wakielekea ya 17. Masimulizi yanasema alikuwa wa ukoo wa Reddi, akaponda mali ujanani kwa mwanamke, kisha akageuka yogi, yaani mtawa, wa kutangatanga. Kaburi linalohesabiwa kuwa lake lipo Katarupalli, kusini mwa Andhra. Beti zinazobeba jina lake ni maelfu, na hakuna anayeamini zote ni za mkono mmoja. Kwa nini zimezaana hivyo? Rudi kwenye taji. Mstari wa nne tayari umeshatungwa, umekaa pale kama mpini unaongoja jembe. Mwanakijiji yeyote mwenye ulimi mkali akitunga mistari mitatu na kuuchomeka mpini huo, ubeti unakuwa wa Vemana. Unapojiuliza kama ubeti fulani ni wake kweli, unaiuliza fani hii swali ambalo haikuumbwa kulijibu.

Utakutana pia na jina la Charles Philip Brown, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Huyu aliajiri wanazuoni kwa fedha zake mwenyewe, wakanakili na kulinganisha miswada iliyoandikwa kwenye majani ya mtende, na mwaka 1829 akachapisha Madras mamia ya beti za Vemana pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Baadaye, 1852, alitoa kamusi ya Kitelugu ambayo bado inafunguliwa hadi leo. Kazi yake naiheshimu. Lakini usimwambie mwanafunzi kwamba Brown alimfufua Vemana. Wachungaji wa mbuzi walikuwa wanamjua kwa moyo kabla mzungu hajashuka melini. Alichofanya ni kumpeleka chapani.

Wasiwasi wa dini nauchukua kwa uzito, kwa sababu mzazi akija juu ni wewe utakayesimama mbele yake, si mimi. Mwenzako anadhani Vemana ni mhubiri wa Kihindu. Ukweli unaweza kumshangaza, kwa sababu mtu huyu aliwasema wanadini wa kwao bila huruma. Anauliza: ibada isiyo na usafi wa nafsi ya nini, mapishi katika chungu kichafu ya nini, kumwabudu mungu Shiva bila moyo safi kwa nini? Mahali pengine anawaita wajinga wanaochonga jiwe, kuliweka gizani na kulisujudia, hali Mungu yumo moyoni. Wamisionari walizipenda sana beti hizo, na unaweza kufikiri kwa nini. Hapo nakuonya, usije ukafanya kosa lao. Vemana hakuwa Mkristo aliyejificha wala Mwislamu asiyejua. Alikuwa yogi, alizungumza ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mtu anayeigombeza nyumba yake hajahamia kwa jirani.

Na hamgombezi jirani. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Taji linasema "vinura Vema", sikia Vema. Anajiambia mwenyewe! "-ra" ya mwisho ni ya mazoea, ya kumwita mtu wa rika lako au mdogo wako, karibu na "we bwana, sikia". Baddena anamwambia mwingine aliye na akili. Vemana anajivuta sikio. Mwanafunzi aliyesoma Al-Inkishafi, ambamo mshairi anaugeukia moyo wake na kuusuta kwa kuipenda dunia, ataitambua mbinu hii papo hapo. Nasaha inayomwanza msemaji inavumilika, na sidhani kama mzazi yeyote wa msikitini au kanisani atakataa chungu kioshwe kabla ya kupika.

Tuje kwa mke. Ubeti wenyewe, kwa ukamilifu, unasema mke wa ukoo mwema awe mtumwa wakati wa kazi, Rambha (mrembo wa mbinguni) wakati wa starehe, waziri wakati wa shauri, na mama wakati wa kulisha. Wapo wanaousoma kama sifa, wakishika lile neno waziri na kulipita haraka neno mtumwa. Wewe hukuupenda, nami sikulaumu. Sumati Shatakamu inazo beti mbaya kuliko huo juu ya wanawake na juu ya watu wa matabaka ya chini, na Vemana naye, pamoja na kuwacheka wanaojiona safi kwa kuzaliwa, ana beti za kumdharau mwanamke ambazo nisingezisoma kwa sauti mbele ya mama yangu. Ni nasaha za wanaume kwa wanaume wa zama zao.

Je, uzifiche? Kwa kidato cha kwanza, ndiyo, chagua nyingine, ziko tele. Kwa wakubwa, mimi ningeuweka ubeti huo mezani na pembeni yake utenzi wa Mwana Kupona wa 1858, ambamo mama wa Pate anamuusia binti yake namna ya kuishi na mume. Mmoja ni mwanaume anayeagiza mke wa kufikirika. Mwingine ni mwanamke mgonjwa anayemwachia mwanawe silaha za kuishi ndani ya utaratibu ambao hakuutunga yeye. Maagizo yanakaribiana mahali pengi, anayesema si yuleyule. Mjadala huo utakula vipindi viwili na hautaisha.

Ukiniuliza thamani yake imedumu kwa nini huko kwao, sitakujibu kwa kusema hekima yake haina mfano. Jamaa kuja ukipata na kupotea ukikosa, kila lugha imelisema. Baddena kalisema kwa vyura elfu kumi wanaokusanyika bwawa likijaa, na bado jambo ni lilelile. Kilichodumu ni umbo. Mtoto wa Kitelugu hukariri beti hizi shule ya msingi kabla hajazielewa, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura fupi. Nina jirani, mfamasia kutoka Vijayawada. Siku moja nilimuuliza maana ya neno moja lililo katikati ya ubeti wa Vemana. Akafumba macho, akarudi mwanzo wa ubeti, akaughani wote huku vidole vikigonga meza ya dawa, akalifikia neno langu, akalipita, akamaliza taji, ndipo akafumbua macho na kuniambia: "Ulisema neno gani?" Hakuweza kuuingia kwa dirishani. Kisha akanieleza kwamba nyumbani kwao hakuna anayemaliza ubeti. Mtu akitaka kumsema mnafiki anataja "medi pandu" tu, tunda la mtini linalong'aa nje na ndani limejaa wadudu. Mistari mingine mitatu inajimalizia yenyewe kichwani mwa anayesemwa. Kwetu mtu husema "mgema akisifiwa" na kunyamaza. Ni silaha ileile.

Mkuyu wetu ni jamaa wa karibu wa mti huo, kwa hiyo mwanafunzi aliyewahi kupasua kuyu anajua tayari kilichomo.

Mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi ni sautini. Mapigo ya ataveladi huwezi kuyapata kwa kusoma, hata nikikuchorea. Mtafute Mtelugu, na katika miji yetu mikubwa wapo: wahandisi, wahasibu, wafamasia, walimu wa vyuo. Mwombe aghani beti tatu, umrekodi kwa ridhaa yake. Usimbebeshe kazi ya kufafanua kila neno, kwa sababu Kitelugu cha beti hizi ni cha zamani na msemaji wa kila siku hukwama, kama kijana wa Dodoma anavyokwama kwenye Kiamu. Ukifikia hatua ya kutaka kuchapisha tafsiri zako, hapo usitegemee mimi wala jirani yangu. Andikia idara ya Kitelugu ya Chuo Kikuu cha Osmania au Chuo Kikuu cha Hyderabad, upate mtu wa kulinganisha na matini asilia. Na kwa suala la wazazi, usingoje waje. Chapa beti tano utakazotumia, nenda nazo kwa mkuu wa shule uzisome naye kabla ya kipindi. Karatasi iliyosomwa mapema haileti uvumi.

Nimebakiwa na lile la mlangoni. Maneno mawili uliyoyashika yametosha, maana "konda" na "addamu" yanakutana katika ubeti mmoja wa Vemana anaoujua kila Mtelugu aliyepita shule. Konda ni mlima. Addamu ni kioo cha kujitazamia. Ubeti unaanza "anuvu gani chota", mahali pasipo pako. Nimeugeuza hivi, bila vina, nisije nikauharibu:

Mahali pasipo pako, usijiite mkubwa.
Kuwa mdogo hapo si upungufu.
Mlima ndani ya kioo, hauwi mdogo?
Sikia, Vema, mpendwa wa ulimwengu.

Miaka mitatu ulikuwa mgeni mjini kwake, ukichelewesha kodi na kuunguza wali, na yule mama alikuwa anakuona ulivyojikunja. Akangoja mpaka ushike begi.